Jinsi ya kukokotoa volti zinazopotea kabla ya kufikia king'ora cha moto

MIKASA ya moto iliyoua wanafunzi 67 katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, na wavulana 21 katika Hillside Endarasha, Nyeri, mwaka 2024, ilitokea usiku wanafunzi wakiwa wamelala. Saa kama hizo, king'ora ndicho cha kuwaamsha.

Mjini Bondo, Kaunti ya Siaya, kama kwingineko penye shule za bweni, kebo ya ving'ora huenda ikatoka ofisini hadi bweni lililo mita 150. Urefu huo hula umeme, na mafundi wengi hawaufanyii hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umeme huenda na kurudi, hivyo mita 150 huwa 300. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita. Mita 300 zina omu 3.6. Ving'ora 15, kila kimoja kikitumia ampea 0.1, huvuta ampea 1.5. Zidisha 3.6 kwa 1.5: volti 5.4 hupotea njiani.

Mitambo mingi ya aina hii hutumia volti 24. Ukitoa 5.4 hubaki 18.6, na kwa kuwa ving'ora vingi huhitaji angalau 16, vitalia vyema siku ya majaribio. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Stima ikipotea, mtambo hutegemea betri, nayo hufifia. Viwango vya Marekani huanza hesabu na volti 20.4, yaani betri inayokaribia kwisha. Toa 5.4, hubaki 15. King'ora cha mwisho huenda kikanyamaza.

Waya wa milimita mraba 2.5, wenye omu 7.4 kwa kilomita, hupunguza hasara hadi volti 3.3 na kuacha 17.1. Njia nyingine ni kugawa ving'ora katika kebo mbili.

Kweli, hesabu hii huchukulia kwamba ving'ora vyote viko mwisho wa kebo. Vikitawanywa, hasara hupungua. Hata hivyo, ni heri kukosea upande wa usalama.

Baada ya kuunganisha, fundi azime stima, alize ving'ora vyote kwa betri, kisha apime volti kwenye king'ora cha mwisho. Betri ikiwa mpya, kipimo hicho kitapendeza kuliko hali halisi, hivyo hesabu ya 20.4 ndiyo ya kutegemewa.