Safu ya Lugha: Shauri, Amri na Uamuzi

Mintarafu neno shauri, yatupasa kuwakanya waandishi wa matangazo ya viwandani, ambao hubandika ukutani zamu mpya zilizokwisha kupangwa na kuziita "mashauriano na wafanyakazi", ilhali hiyo ni taarifa tu, na aghalabu ni amri. Shauri, lenye asili moja na shura ya Kiarabu, ni maneno yapitayo baina ya watu kabla jambo halijakatwa. Ndiyo maana twasema kukata shauri, kwani hukati kisichokuwapo. Uamuzi ni mbali: aweza kuutoa mtu mmoja, kama vile aamuaye wagomvi.

Wajapani viwandani mwao wana desturi iitwayo nemawashi, yaani kuishughulikia mizizi ya mti kabla ya kuuhamisha: kila ahusikaye huendewa faragha na kuulizwa rai yake, hata mkutano ukifika huwa ni wa kuthibitisha tu. Hilo ndilo shauri hasa. Lakini Toyota iliposhirikiana na General Motors kukifungua upya kiwanda cha Fremont, California, mwaka 1984, mfanyakazi wa kawaida alipewa pia idhini ya kuvuta kamba aonapo kasoro na, ikibidi, kuusimamisha mstari mzima wa kuunganisha magari. Kuvuta kamba ile si shauri. Ni uamuzi, tena wa mtu mmoja asiye na cheo, na wanaovisifu viwanda vya Kijapani kwa "mashauriano" peke yake huisahau nusu hiyo.