Chokaa ya Mikindani

Kwetu Mpapura, mkoani Mtwara, nyumba ya zamani ilikuwa ya miti, fito na udongo. Bibi zetu waliikandika upya kila kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Ikipita misimu miwili bila kukandikwa, fito zilitokeza nje na mchwa walianza kazi yao. Hakuna aliyeita shughuli hiyo ukarabati. Ilikuwa sehemu ya mwaka, kama kupalilia. Nilipokwenda mji wa pwani wa Mikindani kujifunza uashi kwenye majumba ya mawe, nilikuta kwamba nayo yaliishi kwa utaratibu ule ule. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia majumba yale yamebomoka kwa uzee. Yalibomoka kwa sababu mkono wa kila mwaka uliondoka.

Mkono huo ulikuwapo wakati mali ilipokuwapo. Katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na misafara kutoka bara ilishusha pale pembe za ndovu, sandarusi, mpira wa porini kutoka uwanda wa Wamakonde, na watu waliofungwa minyororo. Siwezi kuzisifu kuta hizi nikalificha hilo: sehemu ya fedha iliyonunua mawe na chokaa ilitokana na kuuzwa kwa binadamu. Mmisionari David Livingstone alipita hapo mwaka 1866, akianza safari yake ya mwisho kuelekea mto Ruvuma na bara. Wajerumani nao wakajenga Boma lao juu ya mji mwaka 1895.

Jumba la namna hii hutengenezwa hasa kwa vitu vitatu. Kuna mawe ya matumbawe ya nchi kavu, kuna boriti za mikoko, na kuna chokaa. Boriti ndiyo inayoamua ukubwa wa chumba. Mti wa mkoko haukupi urefu wa kupita mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, hata kwa tajiri. Juu ya boriti hupangwa mawe membamba, kisha chokaa yenye kokoto, na watu husimama wakiishindilia kwa vipande vya miti siku baada ya siku, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka sakafu ikaze.

Lakini roho ya kazi ni chokaa. Magogo hupangwa duara, tundu likiachwa katikati kwa ajili ya kuwashia, na matumbawe hurundikwa juu. Moto ukishaisha hubaki mawe meupe, mepesi mkononi. Ukiyamwagia maji yanachemka, yanapasuka, yanakuwa unga. Wazee walipenda kuiacha chokaa iliyozimwa ikae miezi kabla ya kuigusa, na walikuwa na sababu: punje ambayo haijazimika vizuri ikiingia ukutani, huja kuvimba baadaye na kuirusha lipu. Ukutani chokaa hukauka polepole, ikivuta kutoka hewani ile hewa iliyoipoteza tanurini, hadi inarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo unapaka nyembamba, unafunika kwa magunia mabichi, unasubiri. Fundi mwenye haraka hafai hapa.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga wa Nachingwea. Ghuba ya Mikindani haikufaa meli kubwa, wakachagua kujenga bandari mpya Mtwara na kuvuta reli kutoka huko. Mradi uliachwa mwaka 1951 na reli ikang'olewa baadaye, lakini bandari ilibaki, na ofisi na wafanyabiashara wakaifuata. Aliyehama na biashara yake hakurudi kila mwaka kuziba nyufa za paa. Wateja wa chokaa wakapungua, matanuri yakapoa, na vijana hawakuona sababu ya kujifunza.

Kisha ikaja saruji, ambayo kwetu sasa iko mlangoni kabisa: kiwanda cha Dangote kilizinduliwa wilayani mwetu mwaka 2015. Saruji ni kitu kizuri mahali pake. Ukiipaka juu ya ukuta wa matumbawe, unauziba pumzi. Maji yanayopanda kutoka ardhini hukosa njia ya kutoka, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu hubanduka kwa mabamba makubwa ikiwa imeshikana na uso wa jiwe. Nimebandua lipu nyingi za namna hiyo. Nyuma yake jiwe huwa limegeuka unga.

Kwamba kazi ya kuyafufua majumba haya inawezekana, Boma ni ushahidi. Lilikuwa limechakaa vibaya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Trade Aid la Uingereza likaanza kulifufua. Leo ni hoteli. Gharama ya kuchelewa, Zanzibar waliilipa: Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Nililia niliposikia. Wale walikuwa wenzetu wa mwiko.

Kuna jambo moja la kale ambalo sitaki lirudi. Watu walivunja matumbawe hai katika ghuba yetu ili kuchoma chokaa, na samaki walipoteza makazi. Jiwe la nchi kavu linatosha, tena lipo tele. Mikoko nayo inalindwa, na boriti hazikatwi bila kibali cha misitu.

Jumba ninalolishughulikia sasa lina warithi wengi, wengine Dar es Salaam, wengine Muscat, na kila mmoja alitaka tuanze na mlango wa nakshi kwa sababu ndio unaopigwa picha. Nimewaomba tuanze na paa. Ukuta wa chokaa usio na kofia hunywa masika mpaka kiini chake cha udongo kinatiririka nje, na hapo mlango hauna pa kuegemea. Wamekubali. Tunangoja kibali cha boriti, na chokaa tayari iko shimoni inakomaa.