Mapambo katika Ujenzi wa Baroko: Mifano Mitatu ya Roma

Neno baroko, kwa rai ya wataalamu wengi, limetokana na neno la Kireno barroco, yaani lulu isiyo mviringo kamili. Wahakiki wa karne ya 18 walilitumia kwa dharau. Kwao ujenzi wa Roma wa karne iliyotangulia ulikuwa umepotoka, na mapambo yake yalikuwa hadaa. Mwaka 1888 Heinrich Wölfflin alichapisha kitabu chake Renaissance und Barock, akauchunguza mtindo huo kwa kanuni zake wenyewe. Lakini shutuma ya hadaa yataka jibu, na jibu lapatikana katika majengo.

La kwanza ni kanisa dogo la San Carlo alle Quattro Fontane, ambalo Francesco Borromini alianza kulijenga mwaka 1638. Kiwanja kilikuwa chembamba, penye njia panda, na watawa waliomwajiri hawakuwa na fedha nyingi. Kwa hiyo ndani hamkutiwa marumaru za rangi, bali lipu nyeupe. Pambo kuu ni umbo lenyewe: kuta zabonyea na kubinuka mfano wa mawimbi. Kuba ina umbo la yai, na ndani yake mmefinyangwa visanduku vya misalaba, pembesita na pembenane, vinavyopungua ukubwa kadiri vinavyopanda. Hata jicho hudhani kuba ni ndefu kuliko ilivyo.

Katika kanisa la Santa Maria della Vittoria, Gian Lorenzo Bernini alitengeneza kikanisa cha jamaa ya Cornaro kati ya mwaka 1647 na 1652. Hapa mali haikukosekana. Marumaru za rangi nyingi zazunguka sanamu nyeupe ya Mtakatifu Teresa wa Avila na malaika. Nyuma yao yashuka miale iliyopakwa dhahabu, na juu yake limefichwa dirisha, ili nuru ya kweli iiangukie miale ya kuchongwa. Ujenzi, uchongaji na rangi vimeshikamana, wala si rahisi kuonyesha mpaka wa kila kimoja.

Mfano wa tatu ndio unaoelekea zaidi kuitwa hadaa. Kanisa la Sant'Ignazio lilikusudiwa kuwa na kuba, lakini haikujengwa. Mwaka 1685 Andrea Pozzo, bruda wa Kijesuiti, alichora kuba juu ya turubai bapa iliyotandazwa mahali pake. Mtu akisimama penye alama iliyotiwa sakafuni, huona kuba yenye nguzo na kina. Akisogea hatua chache, nguzo huinama na kuba huvunjika machoni pake.

Ni alama hiyo inayoipinga shutuma. Mlaghai hamwonyeshi mtu mahali hila yake inapokoma, Pozzo alimwonyesha. Mapambo ya baroko yalikuwa na kazi iliyo wazi. Mtaguso wa Trento, uliofungwa mwaka 1563, ulikuwa umethibitisha kwamba picha na sanamu zaweza kuwafundisha waumini na kuwahimiza katika ibada. Lipu, nuru, marumaru na turubai vilitumika kwa kazi hiyo, kama msemaji atumiavyo tamathali: msikilizaji ajua kwamba ni tamathali, na hata hivyo moyo wake huguswa.