Harmoniki katika mtandao wa umeme wa Kigali

Harmoniki ni mikondo au volteji zenye masafa yanayopatikana kwa kuzidisha masafa ya msingi ya umeme kwa namba nzima. Nchini Rwanda masafa ya msingi ni hezi 50, hivyo harmoniki ya 3 ina hezi 150, na ya 5 ina hezi 250.

Vyanzo. Harmoniki huzalishwa na vifaa vinavyovuta au kuingiza mkondo kwa vipande: kompyuta, taa za LED, inveta za sola, mashine za viwandani na chaja za betri. Jijini Kigali chaja zinaongezeka: kampuni ya Ampersand ilianza huduma ya pikipiki za umeme mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini zinapaswa kuwa za umeme.

Madhara. Transfoma na nyaya hupata joto kupita kiasi na umeme hupotea. Harmoniki ya 3 kutoka fezi zote tatu hujumlishana kwenye waya wa nyutro. Kapasita nazo zinaweza kuingia katika mwangwi wa umeme (resonansi) na kuharibika.

Udhibiti. Njia kuu ni:
- vichujio vya koili na kapasita, vinavyolengwa kwa harmoniki mahususi;
- vichujio amilifu, vinavyoingiza mkondo kinyume;
- transfoma za delta na nyota, zinazozuia harmoniki ya 3;
- vigeuza mkondo vya mapigo 12, vinavyopunguza ya 5 na ya 7.

Kiwango cha IEEE 519, cha taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, huweka ukomo wa upotofu wa jumla wa volteji unaotokana na harmoniki kuwa asilimia 8 hadi kilovolti 1, na asilimia 5 juu yake hadi kilovolti 69. Usambazaji wa umeme Rwanda uko chini ya EUCL, kampuni tanzu ya shirika la nishati la Rwanda (REG); mdhibiti wa sekta hiyo ni mamlaka ya RURA.