Wazimu Mbele ya Sheria ya Mauaji katika Nchi ya Mara

Neno "wazimu" lina asili moja na "mzimu", na mtu aitwaye mwenda wazimu alidhaniwa zamani kuwa ameshikwa na nguvu za waliokufa. "Majnuni", neno lililotoka katika Kiarabu, lamtaja mtu aliyeingiliwa na jini. Maneno yote mawili yaweka chanzo cha ugonjwa nje ya nafsi ya mgonjwa. Sheria ya jinai iliyoletwa na Waingereza yafuata njia nyingine, kwa maana yauliza juu ya maradhi yaliyomo ndani ya akili ya mtu, na kama maradhi hayo yalimwondolea fahamu katika saa ile ile ya kutenda. Tofauti hiyo si ya wanalugha peke yao. Katika kesi za mauaji kutoka Musoma, Bunda na Butiama, uhai wa mshitakiwa umetegemea mara nyingi namna jambo moja lilivyohamishwa kutoka fikira ya kwanza hadi ya pili.

Kabla ya utawala wa kigeni, Wazanaki, Wajita, Wakuria, Waikizu na jirani zao walihesabu mauaji kuwa jambo baina ya koo. Swali lililowakabili wazee lilikuwa jinsi ya kufidia damu na kuzuia kisasi, kuliko kupima kiasi cha hatia ndani ya moyo wa mtu mmoja. Mgonjwa alikuwa mzigo wa ukoo wake, nao ndio uliomlinda na kujibu kwa ajili yake. Chini ya Waingereza mamlaka hiyo iliondolewa. Nyerere Burito, aliyekuwa mtemi wa Wazanaki wa Butiama tangu mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1942, aliweza kuamua katika baraza madai ya mali na makosa madogo. Lakini mahakama za wenyeji hazikuruhusiwa kusikiliza shitaka lolote lililohusu kifo cha mtu. Shitaka la namna hiyo lilikwenda kwa majaji, na pamoja nalo likaenda swali la wazimu.

Kipimo walichokitumia majaji kilizaliwa mbali. Mwezi Januari 1843, katika mji wa London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, karani wa Waziri Mkuu Robert Peel, akidhani kwamba alikuwa akiandamwa na maadui. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachilia kwa sababu ya wazimu, naye akafungiwa katika hospitali hadi alipofariki mwaka 1865. Watu walikasirika, na majaji wakatakiwa kueleza sheria. Walijibu kwamba kila mtu huhesabiwa kuwa na akili timamu mpaka kinyume chake kithibitishwe, na kwamba asiyejua alitendalo, au asiyejua kuwa ni kosa, hana hatia. Maelezo hayo yaliingizwa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, katika vifungu vya 12 na 13. Baadaye sheria ya Tanzania ilipanuliwa ili imhusu pia mtu ambaye maradhi yamemwondolea uwezo wa kujizuia.

Hata hivyo, kanuni hiyo haikuweka daraja la katikati. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1957, ilikubali kwamba akili iliyopungua yaweza kulishusha kosa la mauaji ya kukusudia liwe kuua bila kukusudia. Tanzania haikuifuata njia hiyo, illa kwa mama aliyemwua mtoto wake wa chini ya miezi 12 hali akili yake imevurugika kwa sababu ya uzazi. Kwa wengine, aliyeshindwa kukitimiza kifungu cha 13 na kutiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia alikutana na kifungu cha 197, ambacho kilimwamuru jaji atoe hukumu ya kifo, bila kumwachia nafasi ya kuupima ugonjwa kama sababu ya kupunguza adhabu. Mwenye kuugua nusu alihukumiwa sawa na mzima.

Ushahidi wa ugonjwa ulisafiri safari ndefu. Wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20; kisha, mwaka 1927, ikafunguliwa hospitali ya Dodoma ambayo leo yaitwa Mirembe. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, mahakama yaweza kumpeleka mshitakiwa akaangaliwe, na mganga hutakiwa kuleta taarifa katika muda wa siku 42. Washitakiwa wa Mara hupelekwa Isanga, huko huko Dodoma, mamia ya kilometa kutoka ziwani. Mganga wa Isanga humwona mtu baada ya miezi, pengine miaka, tangu siku ya tendo. Walioiona siku yenyewe ni mke, ndugu na majirani: ndio wajuao kama mtu huyu alikuwa akizungumza peke yake, kama alikimbia baada ya kuua au alikaa karibu na maiti bila hofu, na kama ugonjwa huo ulimrudia kila mwaka. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, imekariri kwamba taarifa ya mganga haimfungi jaji, na kwamba uamuzi juu ya wazimu ni wa mahakama. Mzigo wa kuuthibitisha wazimu huo umo juu ya mshitakiwa, ingawa yatosha aonyeshe kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Hapo ndipo lugha inapokuwa na uzito. Kwa miaka mingi kesi hizi zilisikilizwa na Mahakama Kuu ya Mwanza, kiasi cha kilometa 220 kutoka Musoma, au na majaji waliosafiri kwenda kufanya vikao, kabla Musoma haijapata masijala yake katika karne hii. Shahidi wa kijijini alifikiri kwa Kizanaki au Kikuria, akasema kwa Kiswahili, na jaji akaandika kwa Kiingereza. Ndugu aliposema "alikuwa amepandwa", aliueleza ugonjwa kwa ukamilifu kama watu wake walivyoujua. Lakini maneno hayo yalipoandikwa kwa Kiingereza, yaweza kusomeka kama hasira, ulevi au imani ya uchawi, na hakuna mojawapo ya hayo ambalo kwa peke yake ni ugonjwa wa akili. Vivyo hivyo "kichaa" hutumika kwa mgonjwa na kwa mtu mkorofi, na shahidi aliyelitumia bila kuulizwa zaidi hakumsaidia mshitakiwa. Wazee washauri waliokaa na jaji hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2022 waliweza kuziba pengo hilo, kwa kuwa walizijua desturi na misemo ya mahali. Ijapokuwa jaji hakulazimika kuyafuata maoni yao.

Hata yule aliyefaulu hakurudi nyumbani. Mahakama hutamka kwamba alilitenda tendo, lakini hana hatia kwa sababu ya wazimu. Kisha huamuru azuiliwe, na habari zake hupelekwa kwa Waziri. Tamko hilo si adhabu, na kwa sababu hiyo halina idadi ya miaka. Aliyefungwa kwa kuua bila kukusudia aijua siku yake ya kutoka, lakini aliyeonekana hana hatia haijui. Nchini Kenya, ambako yamebaki maneno ya Kiingereza ya mwaka 1883 yasemayo kwamba mtu ana hatia ila ni mwenda wazimu, majaji kadhaa wa Mahakama Kuu tangu mwaka 2016 wameona kwamba kizuizi kisicho na mwisho chavunja Katiba.

Kwa upande wa hukumu ya kifo, Jaji James Mwalusanya aliitangaza mwaka 1994 kuwa kinyume cha Katiba ya Tanzania, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima, isiyomruhusu jaji kutazama hali ya mkosaji, yavunja haki ya uhai. Uamuzi huo wamgusa hasa mtu wa daraja la katikati aliyesahauliwa mwaka 1930.

Marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Jaji wa Musoma aweza sasa kuliandika neno la shahidi kama lilivyotamkwa, na kumwuliza maana yake kabla halijageuka. Kazi iliyobaki kwa wanalugha ni kuyapambanua kwa uangalifu maneno "wazimu", "kichaa", "ugonjwa wa akili" na "akili pungufu", maana kila moja laelekea mlango wake: Isanga, gereza, au kitanzi.