Sadaka ya Maji na Wajibu wa Mpokeaji: Fundisho la Nyanda za Kati

Makala hii inakusudia kutazama historia ya misaada ya maji katika nyanda za kati za Tanzania, hasa mkoa wa Dodoma, na kuuliza swali moja: kwa nini visima vingi vilivyochimbwa kwa fedha za msaada vimekauka pampu zake hali maji yangaliko chini ya ardhi? Swali hili latuhusu, kwa maana dayosisi na sharika zetu nazo huomba na kupokea fedha za namna hiyo.

Ugogo ni nchi kame. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na wastani wake mjini Dodoma haufikii milimita 600 kwa mwaka. Tangu zamani, kiangazi kilipofika, watu walifukua mchanga wa makorongo hata wakapata maji. Maji hayo mara nyingi hayakuwa safi, na mzigo wa kuyateka uliwaangukia wanawake na watoto. Hata hivyo kisima kilikuwa na wenyewe: mafuriko yalipokifukia, waliokichimba walikichimba tena.

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila kaya ipate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Serikali, ikisaidiwa na nchi wahisani, ilibeba gharama za ujenzi na za uendeshaji pia. Nia ilikuwa njema. Lakini bei ya mafuta ilipanda kuanzia 1973, vita vya Kagera vikafuata 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Dizeli na vipuri vilipokosekana mashine zilisimama, na wanakijiji wakaingoja serikali ije kutengeneza mali yake. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa.

Mwaka huo huo kazi ya namna nyingine ilianza Dodoma. WaterAid, shirika la hisani lililoundwa Uingereza mwaka 1981 na mamlaka za maji za huko, lilishirikiana na idara tatu za serikali. Mpango huo uliitwa WAMMA, yaani WaterAid, Maji, Maendeleo ya Jamii na Afya. Watumishi wa idara hizo walikwenda vijijini kama kikosi kimoja. Kijiji kilitakiwa kiwe na kamati ya maji na mfuko wa maji, ili dizeli na matengenezo vilipiwe na watumiaji wenyewe. Hivyo sadaka ya ng'ambo ilikutana na mchango wa nyumbani.

Je, tatizo lilikwisha? La. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya maji vijijini nchini ilikuwa haifanyi kazi ipasavyo. Mfuko wa kijiji waweza kununua dizeli, lakini mashine kubwa ikivunjika huzidiwa. Na mahali pasipo hesabu za wazi, watu huacha kuchangia. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA iliweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Huko ni kukiri kwamba kamati ya kujitolea peke yake haitoshi.

Wako wenzetu wasemao kwamba kuuza kwa ndoo maji yaliyotolewa kwa sadaka ni kuigeuza huruma kuwa biashara. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mjane asiye na fedha hurudi korongoni. Lakini pampu iliyosimama huwarudisha korongoni wote, mjane akiwa wa kwanza. Kwa hiyo twaona inafaa kila mtu mwenye uwezo alipe, hesabu zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, na usharika uwalipie wasioweza. Hiyo ndiyo sadaka ya nyumbani, isiyohitaji kuandikiwa ombi ng'ambo.

Isaka alivirithi visima vya Ibrahimu vikiwa vimefukiwa, akavichimbua upya. Taarifa tunazowapelekea wafadhili huhesabu visima vilivyozinduliwa. Yatupasa kuhesabu pia vile vinavyotoa maji miaka kumi baada ya uzinduzi.