Kinanda Chenye Kumbukumbu

Katika muziki wa ohangla unaochezwa pande hizi za Maseno na Kisumu, kinanda cha umeme sasa husikika kando ya ngoma. Mpigaji hutafuta sauti inayokaribia ala za jadi kama orutu, au nyatiti yenye nyuzi 8: hurekebisha inavyoanza, inavyodumu na inavyofifia, kisha huihifadhi kwa namba na jina.

Mwaka 1978 kinanda cha Marekani, Prophet-5, kilihifadhi mipangilio 40 ya sauti. Mwaka 1983 Yamaha DX7 ya Japani ilibeba 32, na mingine kwenye katriji. Betri ndogo ndani ya vinanda hivyo hulinda kumbukumbu umeme unapozimwa. Ikiisha, sauti alizotunga mwenye kinanda hupotea.

Vinanda vingi vya leo huhifadhi nakala kwenye flashi. Sauti iliyotengenezwa kwa subira ni mali ya msanii, itunzwe.